Lenzi Iliyobaki Kwenye Droo

Kamera ilitulia kiganjani mwa mdogo wake kama kifaranga, na hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomuuma. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ina vitufe vya rangi ya fedha juu, na ilionekana kumpenda aliyeishika. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi na kamera tangu angali msichana wa shule, lakini hakuwahi kushika hata moja iliyomkaa mkononi namna ile. Ya kwake ilikuwa kule studio juu ya miguu yake mitatu, nzito, imekwaruzika ubavuni, na kila asubuhi aliivua kitambaa bila furaha wala huzuni, kama mtu anayefungua mlango wa stoo.

"Dada, hebu ione," mdogo wake alisema, akiigeuzageuza juu ya kabati la kioo la duka. "Inaingia hata kwenye mkoba wangu wa kazini. Sasa nisaidie lenzi, maana hapo mimi ni bure kabisa. Sitaki makubwa. Nataka ya kujifurahisha tu."

Ya kujifurahisha tu. Dada yake alilirudia neno lile kimoyomoyo.

Mtaa mzima ulimwita Bi Kidevu. Jina alilipata kwa haki, kwani hapakuwa na mtu aliyeketi kwenye kigoda chake asiyeambiwa, "Inua kidevu. Shusha kidogo. Hapo hapo, usipumue." Studio aliachiwa na baba yao pamoja na pazia jeupe, mwavuli wa taa uliotoboka, na koti moja jeusi lililoshonewa tai kabisa kifuani, la kuwaazima waliokuja kupiga picha za pasipoti wakiwa na fulana. Koti lile lilikuwa limeingia katika pasipoti za nusu ya mji. Baba alipoanza kutetemeka mikono, mtoto mkubwa ndiye aliyeitwa asimame nyuma ya kamera. Mtoto mdogo, ambaye kwa kuwa ni kitindamimba wote walimwita Kitinda mpaka leo na utu uzima wake wote, aliendelea na masomo hadi akapata dawati katika ofisi ya bima na kiti kinachozunguka. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Mambo yalikwenda hivyo tu, na pengine ingekuwa nafuu kama angekuwapo wa kulaumiwa.

Tuseme wazi, maana hakuna haja ya kuzungukazunguka: alimwonea wivu. Haukuwa wivu wa kile kiti kinachozunguka. Ulikuwa wivu wa neno lile moja, kujifurahisha. Kwa Bi Kidevu picha ilikuwa kidevu, masikio mawili yaonekane, ukuta mweupe, kata kwa vipimo, tia kwenye bahasha. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alibonyeza kitufe bila mtu kumsubiri. Na sasa huyu, aliyeanza kuogelea akaacha, akahamia kwenye gitaa ambalo leo linaning'inia ukutani likila vumbi, akafuga samaki hadi wakafa wote isipokuwa mmoja aliyenusuriwa na mama, huyu ndiye angeingia kwenye picha kwa mlango wa mbele, tena akicheka.

Muuzaji, mwanamume mwembamba mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alitandika kitambaa juu ya kabati akaweka lenzi mbili. Moja ilikuwa fupi, nyembamba, unaweza kuifunika kwa kifuniko cha chupa ya jemu. Ya pili ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole.

"Kwa mtu anayeanza, na anayetaka raha yake, hii fupi," alisema. "Nyepesi. Mdomo wake mpana, inakunywa mwanga hata chumbani. Haivuti, ukitaka kumkaribia mtu unatumia miguu yako. Lakini utatembea nayo kila mahali. Hii ndefu ni ya vitu vya mbali, ndege, mpira uwanjani. Ni nzuri, ila ina uzito wake, na ndani ya nyumba itakusumbua."

Kila neno lilikuwa la kweli. Kitinda aliifunga ile fupi kwenye kamera, akachungulia, akamgeukia dada yake pale pale.

"Uwii! Umeenea wote, na kabati, na muuzaji!" Akacheka, kicheko chake kile cha kurusha kichwa nyuma, ambacho kila mtu alisema amekirithi kwa mama.

Kijiba cha roho kikampanda Bi Kidevu. Aliiona picha nzima kabla haijapigwa: Kitinda na kile kifaranga chake mezani, Kitinda uani, Kitinda chumbani kwa mama, kila siku akipata kitu kizuri bila jasho, na mama akisema, "Tazama mwanangu alivyojaliwa." Akasikia sauti yake mwenyewe, ile ya studio, isiyopingwa na mtu.

"Hiyo utaichoka. Leo unaicheka, kesho huna la kufanya nayo. Chukua ndefu. Mtu akijifunzia hiyo, nyingine zote zinakuwa mchezo."

Muuzaji alimtazama. Alishusha miwani machoni, kisha akaipandisha tena. Wenye kazi ile walikuwa na adabu yao: fundi akikuletea mteja, humsahihishi mbele ya mteja huyo, hata akisema jua linachomoza jikoni.

"Bi Kidevu akishasema, mimi ni nani," alijibu taratibu.

Kitinda aliitupia ile fupi jicho la mwisho, kisha akaisukuma upande wa muuzaji. "Haya. Wewe ndiye unayejua, dada."

Alisema bila hila yoyote, na hilo lilimchoma dada yake kuliko ambavyo angechomwa na tusi.

Kesho yake Bi Kidevu alifunga studio mapema akarudi dukani peke yake. Ukimuuliza alikwenda kutafuta nini, angekosa jibu la maana. Lenzi fupi ya aina ile ilikuwa moja tu, na alikuwa ameamka na wazo kwamba ikibaki pale, siku yoyote Kitinda angepita na kuibeba. Hakutaka aipate. Zaidi ya hapo hakuwa amefikiri.

Muuzaji aliitia kwenye mfuko kabla hajaombwa. "Nilijua tu utarudi," alisema, uso umemchangamka. "Nikasema, Bi Kidevu ninayemjua mimi hawezi kusema vile bure. Unamfanyia mshtukizo, eh?"

"Eeh," Bi Kidevu alijibu, akatazama pembeni.

Studio alijifungia, akaijaribu kwenye kamera yake. Haikuingia. Alijua haitaingia, shingo yake ya kufungia ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa, na mtu wa kazi yake kununua lenzi isiyovaliwa na kamera yake ni sawa na fundi viatu kununua kiatu cha mguu mmoja. Alijaribu tena kwa kuizungusha upande wa pili, kama mwendawazimu. Kisha akaitia kwenye droo ya chini, chini ya bahasha za picha ambazo wenyewe hawakuzifuata, akaifunga kwa goti.

Wiki zilizofuata picha za Kitinda zikaanza kuingia kwenye simu yake. Sikio la paka. Nusu ya bega la mtu. Tundu la pua la mama. Kitu chekundu kilichotikisika, ambacho Kitinda alieleza kuwa ni ndoo.

"Nakosea wapi, dada?" aliuliza kwa sauti ya uchovu. "Chumbani nikimwelekeza mama napata pua peke yake. Nikirudi nyuma nagonga kabati."

"Utazoea."

"Na bega linaniuma."

"Utazoea na hilo."

Akaiweka simu chini. Alikuwa na furaha ndogo, ya moto, ambayo alijua kabisa ni mbaya, na akaila yote bila kubakiza.

Siku ya kuzaliwa ya Kitinda ilipofika, dada yake alimpelekea mkoba wa kubebea kamera, wa turubai ngumu, wenye mifuko mingi. Kitinda aliupokea kwa mikono miwili. Aliufungua, akaingiza mkono hadi chini, akapapasa. Akafungua mfuko wa ubavuni, akapapasa. Akafungua na kile kimfuko kidogo cha mbele. Kisha akaufunga zipu zote moja baada ya nyingine, polepole, akasema, "Asante dada, mzuri sana." Bi Kidevu aliona ni tabia tu ya watoto wa mwisho, kuchokonoa kila kitu wanachopewa.

Sasa niseme habari ya mama, kwa sababu yote haya yalikuwa yakizunguka kwake. Katika kazi yake yote Bi Kidevu alitaka picha moja, nayo hakuwa ameipata: mama akicheka. Mama alikuwa na pengo la jino mbele, na tangu lilipoingia alijifunza kucheka nyuma ya kiganja. Kamera nayo alikuwa haipendi. Ukimweka kwenye kigoda anakaza shingo, anabana midomo, anakuwa kama mtu anayesomewa hukumu. Bi Kidevu alishamjaribu kwa upole, kwa utani, hata kwa kumvizia kutoka nyuma ya pazia. Kila picha ilitoka na yule yule mama wa kitambulisho. Baba alikuwa dirishani mwa studio katika fremu kubwa, amekaa vizuri, na pembeni yake palikuwa na nafasi tupu ambayo wateja walidhani imeachwa kwa ajili ya tangazo.

Mama hakuweza tena kuinama hadi kwenye miguu yake. Kwa hiyo kila Jumamosi, baada ya kufunga, Bi Kidevu alikwenda nyumbani, akamketisha mama kwenye kiti cha kibarazani, akamloweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akaketi chini mbele yake na kumkata kucha. Ilikuwa kazi ya kuinamia. Kucha za mama zilikuwa ngumu na zimejikunja, ukizembea unamkata nyama. Ili mama asivute mguu, alimsimulia vituko vya wateja wa wiki ile, akiigiza sauti zao, macho kwenye vidole. Mama alikuwa akicheka huko juu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na Bi Kidevu hakuwahi kuyaita kitu chochote zaidi ya kumkata mama kucha.

Siku moja mchana Kitinda aliingia studio akihema, kamera yake shingoni imemvuta kichwa chini.

"Nichapishie moja," alisema. "Kubwa. Usiangalie kwenye kioo, iangalie ikitoka."

Bi Kidevu aliiweka karatasi kwenye printa shingo upande, akakunja mikono. Picha ilianza kutoka kidogo kidogo. Kwanza ukuta wa kibarazani. Kisha kitambaa cha kichwani cha mama, kile cha maua madogo. Paji la uso, mikunjo yote imepanda juu. Macho yamefungwa kwa nguvu. Halafu mdomo, wazi, wazi kabisa, na pengo katikati yake bila kiganja wala haya, mama anacheka kama msichana aliyesahau kuwa ana wageni. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika mbao za kiti ili asianguke.

Printa ikaendelea kuvuta. Chini ya kicheko kile kikatokea kisogo cha mtu, nywele zimefungwa ovyo, shingo imeinama, mgongo mpana umejikunja juu ya beseni.

"Huyu nani?" Bi Kidevu aliuliza.

"Wewe, dada."

Alikuwa hakijui kisogo chake. Alikitazama kama anavyotazama sura ya mteja mpya, akitafuta pa kuanzia, na hakuna alichokipata.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi za jirani, ghorofa ya pili. Chumbani imenishinda, uani imenishinda, nikasema basi, kama lenzi yenyewe inapenda mbali, niipeleke mbali." Kitinda aliichukua picha kwa ncha za vidole, akaipuliza japo haikuwa mbichi. "Ungenikubalia ile fupi, hii nisingeipata. Asante, eh?"

Dada yake alimtazama usoni kuona kama kuna kejeli. Hakuiona, wala hakuwa na hakika.

Mama alipoonyeshwa alijiziba mdomo kwanza, halafu akazibua, akaisogeza picha karibu na macho. "Kumbe nacheka hivi?" alisema. "Wewe mtoto, una jicho. Unajua kuona." Akamshika Kitinda shavu. Kisha akamgeukia mkubwa. "Iweke dirishani, mwanangu, pale kwa baba yako. Nimeipenda."

Una jicho. Maisha yake yote Bi Kidevu hakuwa ameambiwa neno hilo. Aliambiwa una mikono, una subira, una moyo. Aliibeba picha hadi studio, akaifunga fremu, akaitundika kwenye ile nafasi tupu, na alipokuwa akipigilia msumari alijipiga kidole makusudi au kwa bahati mbaya, hata yeye hakuweza kuapa. Kicheko kile kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekitoa kwa mama, kwa kisa cha yule kijana aliyetoka mbio na koti la studio kwenda kwenye usaili, akalirudisha siku ya pili pamoja na habari kwamba kazi amepata na tai imemletea bahati. Alikipika mwenyewe, akakipakua mwenyewe, na mwingine akaja na kijiko kutoka ghorofa ya pili. Halafu likamjia jambo baya zaidi, nalo ndilo lililomketisha kwenye kigoda cha wateja. Mama alikuwa akicheka hivi kila Jumamosi, juu ya kichwa chake, umbali wa mkono tu. Na yeye alikuwa akitazama kucha.

Watu walisimama dirishani. Wengine waliingia ndani kwa sababu hiyo tu.

"Bi Kidevu, siku hizi unapiga hivi?" mteja mmoja aliuliza akivaa koti. "Na mimi nataka ya namna ile, yenye uhai."

Alikuwa na nafasi ya kusema ni kazi ya mdogo wangu. Maneno yenyewe hayakuwa mazito.

"Inua kidevu," alisema.

Kitinda alipopita tena studio, mwishoni mwa wiki iliyofuata, alikuwa na ule mkoba wa turubai begani. Aliuweka juu ya meza, akaegemea mlango.

"Nafikiri niiuze," alisema. "Nimepata picha moja nzuri, inatosha. Siwezi kukaa kwenye ngazi za watu kila siku, yule jirani kashaanza kuniuliza namchungulia nani. Na bega langu hili, we acha tu."

Basi. Lililotakiwa limekuja, tena kwa miguu yake. Gitaa, samaki, sasa kamera. Bi Kidevu alingoja furaha ile ya moto imjie, akangoja, na kilichokuja kilikuwa kama hofu. Alimwona mama wa Jumamosi ijayo akicheka huko juu, na wa Jumamosi nyingine, na hakuna mtu kwenye ngazi. Yeye mwenyewe asingeweza. Alishajaribu tangu picha ile itoke: aliwahi kuinua kichwa katikati ya kisa, na mama aliyaona macho yale ya kazi, akakaza shingo na kujiziba mdomo mara moja. Macho yake yalishamzoesha mama kuogopa.

"Usiuze kwanza," alisema. "Njoo nyumbani Jumamosi. Njoo nayo."

"Ya nini?"

"Njoo nayo tu."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikapeperushwa hadi kibarazani, kwa hiyo mama aliketishwa chumbani. Kilikuwa chumba kidogo: kitanda, kabati la nguo, dirisha, yule samaki mmoja kwenye chombo chake cha kioo juu ya meza. Beseni lilijaza nafasi iliyobaki. Kitinda alisimama mlangoni na mkoba wake, akatazama huku na huku, akacheka kwa kukata tamaa.

"Humu dada? Humu napata pua."

Bi Kidevu alitoa lenzi fupi mfukoni mwa sketi, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia vioo, akamnyooshea. Alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi, kwamba ameipata kwa mtu, kwamba ni ya zamani, kwamba alikuwa ameisahau. Yote yalikuwa tayari mdomoni.

Kitinda alikifungua kitambaa. Hakushangaa. Aliigeuza, akasoma maandishi kwenye ukingo wake, kisha akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nilirudi dukani," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Wiki ile ile. Bega lilishaanza. Nikamwambia yule muuzaji nipe ile fupi. Akacheka, akaniambia, wewe kaa nyumbani usubiri, dada yako kashakuja."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Bi Kidevu aliukumbuka mkono uliopapasa ndani ya mkoba, mfuko baada ya mfuko, hadi kile kidogo cha mbele, na uso ukamwaka moto.

"Nilidhani ni ya siku yangu ya kuzaliwa," Kitinda aliendelea. "Halafu nikajidanganya labda ni ya mwaka mpya."

"Haikuwa zawadi," Bi Kidevu alisema. Yale maneno mengine yote yalimtoroka. "Niliichukua ili usiipate."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mkoba." Kitinda alianza kuifungua lenzi ndefu kutoka kwenye kamera. Mikono yake ilikuwa imara kuliko sauti yake. "Nilikuwa nangoja kuona utakaa nayo mpaka lini. Na mimi nina roho yangu, dada, usidhani."

"Mnanong'ona nini nyie?" mama aliuliza kutoka kitini. "Maji yanapoa. Kama kuna mtu kafa semeni."

"Hakuna aliyekufa, mama," walijibu pamoja, na kwa hilo tu karibu wacheke.

Lenzi fupi iliingia kwa mlio mdogo, ikajifunga. Kitinda alichungulia kutoka pale pale mlangoni. Hakusema "umeenea wote." Hakusema asante. Alishusha kamera hadi tumboni, akakaa nayo akitazama samaki, kama mtu aliyekuja kumsalimu samaki.

Bi Kidevu akaketi chini. Alishika mguu wa mama, akaufuta, akauweka kwenye paja lake. Vidole vilikuwa vimelainika kwa maji. Akaanza na kidole gumba, kama kawaida.

"Haya, wiki hii nani kakuudhi?" mama aliuliza.

"Mama mmoja kaja na mtoto wa kiume, anataka picha za pasipoti. Nikampiga vizuri, kidevu juu. Nikamuuliza, nitoe ngapi? Akasema, toa mbili mbili. Nikamuuliza mbili mbili za nini? Akasema," na hapa akaibadilisha sauti ikawa nyembamba, ya haraka, "'Hawa ni mapacha, shangazi. Mwenzake amelala hapa mgongoni, na ukimwamsha huyo hatutaelewana. Wewe toa za huyu, mmoja akikua nitamwambia hiyo ni yako.'"

Mama alianza taratibu, kama anavyoanza siku zote, kwa pumzi ya puani. Bi Kidevu alisikia kiti kikilia.

"Nikamwambia, mama, hawa ni wawili kweli? Akasema, 'Wawili, na wote wanakula!'"

Hapo kicheko kikaachia. Bi Kidevu alikisikia kikipita juu ya kichwa chake. Mkasi ulikuwa umeng'ata ukucha, na kila kitu mwilini mwake, miaka yote ile ya kazi, kilimwambia maliza kwanza, usimkate nyama. Aliuachia mkasi. Akainua kichwa taratibu, hakutafuta mwanga unatoka wapi, hakupima masikio, na mama alikuwa pale, macho amefumba, mdomo wazi, pengo na ufizi na machozi, amejishikilia kiti chake.

Mama akafumbua macho akamkuta anatazamwa. Mkono ulianza kupanda kuelekea mdomoni. Ukafika kidevuni, ukasita hapo.

Kando yao, mlangoni, kulisikika mlio mdogo wa kamera, mmoja tu. Bi Kidevu hakugeuka kuangalia imeelekezwa kwa nani.

"Wee," mama alisema, angali akihema kwa kicheko, "unanitazama nini wewe? Kata. Mguu unapata baridi."